Kimya cha Fungu la Vitovu

Jumatano, tarehe tano Machi, mwaka elfu mbili na kumi na nne: hivyo ndivyo ilivyoandikwa kwa chaki juu ya mlango wa Ukumbi wa Mipaka. Bi Mize binti Haji aliisoma tarehe hiyo mara mbili, taratibu, akiifuata kwa kidole hewani, kwa sababu bawabu alikuwa amemshauri aishike vizuri kichwani kabla hajaingia.

"Nje kuna mwaka, mama," bawabu alimwambia. "Ndani kuna kesi."

Kisha akaliona fundo kwenye pindo la kanga yake. "Humo umebeba nini?"

"Mtu."

"Mtu mzima?"

"Bado. Ndicho kilichonileta."

Ndani ya fundo kilikuwamo kitovu cha mjukuu wake, mtoto wa binti yake Zuwena, kilichodondoka alfajiri ile, kikavu na kimejikunja kama kipande cha tangawizi. Kwa watu wa pwani ile, mtoto hapewi jina mpaka kitovu chake kizikwe. Wala hakizikwi chini ya mnazi wala nyuma ya nyumba, kama wafanyavyo wengine, bali juu ya Fungu la Vitovu, mgongo wa mchanga ulioko mbali na nchi kavu, ambao huonekana wakati wa bamvua tu, maji yanapokupwa hadi mwisho wa kukupwa kwake. Nyakati nyingine zote fungu limo chini ya bahari. Hakuna awezaye kujenga pale, wala kupanda mche, wala kuweka mlango na kufuli. Mtoto akikua huambiwa: asili yako iko mahali pasipo na mwenyewe, basi usimdharau mtu kwa kwao. Lakini kabla kitovu hakijazikwa huitwa Huyu. Huyu amelia. Huyu amenyonya. Na Huyu akifa kabla ya bamvua, hakuna atakayejua amwite nani siku watu watakapoitwa.

Bamvua lilikuwa siku hiyo. Kifuu cha nazi cha kuchimbia alikuwa nacho. Kilichomzuia ni amri: mpaka kesi ya kugawana bahari baina ya Nchi ya Huku na Nchi ya Kule iishe, ni marufuku kuchimba sakafu ya bahari, iwe kwa mtambo, iwe kwa chombo kingine chochote. Amri hiyo ilitungwa kwa ajili ya mitambo ya kutafuta gesi. Kifuu kilinaswa humo kama kasa katika wavu wa papa.

Akaingia kuomba ruhusa.

Sakafu ya ukumbi ilikuwa kioo, na chini ya kioo ilikuwako bahari iliyonyonywa maji yote. Mabonde yalionekana, na miamba, na matumbawe yaliyopauka, na nanga ambazo wenyewe walikwisha kuzisahau. Majaji waliketi juu ya viti virefu, nao wote walitoka katika nchi ambazo hazina bahari, ili asiwepo wa kushukiwa kwamba anaipendelea pwani ya mjomba wake. Upande mmoja waliketi watu wa Huku, upande wa pili watu wa Kule. Lakini Bi Mize alipogeuka kutafuta kiti, aliona pande zimebadilishana, na watu wa Kule wakiitana "sisi wa Huku" kwa uhakika uleule. Alisimama katikati, hajui amuulize nani.

"Keti popote, mama," alisema Wakili Makungu, kijana mrefu aliyekuwa akiitetea Nchi ya Huku, nchi yake na ya Bi Mize. "Kila mtu hapa yuko Huku. Tatizo ni huyo mwingine."

Jaji Mkuu akaanza kueleza sheria, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mgeni njia. Sheria, alisema, haina uadui na mtu. Kwanza hutafutwa nukta zinazofaa kwenye ukingo wa pwani zote mbili, pale maji yanapokupwa. Kutoka katika nukta hizo huchorwa mstari wa kati, wa muda tu, ambao kila sehemu yake iko mbali sawasawa na pwani hii na ile. Kisha huulizwa: je, kuna jambo linalotulazimu kuusogeza? Pengine kuna kijisiwa kinachouvuta mstari kuliko stahili yake. Pengine kuna pwani iliyobonyea kama shavu la kizee, ikajikuta imezibwa na jirani zake isiifikie bahari kuu. Na mwisho hutazamwa urefu wa pwani za kila mmoja na ukubwa wa sakafu aliyoipata, isije ikawa yupo aliyepunjwa kupita kiasi.

Hapo Bi Mize alipata ahueni ya akili, japo ya muda mfupi, kwa maana jambo hilo alilijua. Hivyo ndivyo mama yake alivyokuwa akigawa samaki mmoja kwa wake wenza wawili. Kwanza kisu katikati. Kisha unatazama kichwa kimeangukia upande gani na mkia upande gani, unaongeza hapa, unapunguza pale. Mwisho unatazama nyuso za walaji. Lakini samaki alikuwa amekufa, na alikuwa juu ya sinia. Bi Mize aliinama kuitazama sakafu iliyo chini ya kioo, akajiuliza mambo ambayo hakuweza kuyatoa kinywani. Mstari una unene gani? Kama hauna unene, unapitaje mahali bila kupita? Na kama unao, je, ule unene wenyewe ni wa nani? Ngisi akitaga mayai kichwa kikiwa Huku na mkia ukiwa Kule, mayai yatafuata uraia wa upande upi? Binadamu tumezoea kuamini kwamba mpaka ni mwisho wa kitu. Basi mbona kile kitu chenyewe kinaendelea? Mchanga unaendelea. Baridi ya maji inaendelea. Pengine kinachokwisha pale si bahari bali ni sisi, na tumeweka alama tusije tukasahau mahali tulipoishia. Akashika fundo.

Ndipo wakili wa Kule aliposimama. Yeye alidai kwamba hakuna haja ya nukta wala ya mstari wa kati. Mstari ulikwisha kuwapo. Ulitoka katika mwamba wa mwisho wa pwani, ukaenda moja kwa moja baharini kama uzi ulionyooshwa, na meli ya upimaji ya Kule iliufuata miaka mingi, mchana kweupe. Watu wa Huku waliona. Hawakusema neno.

"Waheshimiwa," alisema, "apasaye kusema asiposema, sheria husikia ndiyo. Hata meli yetu iliposimama mbele ya Fungu, ikauliza kwa kipaza sauti, 'Mwenye pingamizi na aseme,' wanawake waliokuwapo waliisikia, wakanyamaza. Kimya hicho ndicho mpaka wetu."

Kwa mstari wa kati, Fungu la Vitovu lingeangukia Huku. Kwa uzi wa Kule, lingekuwa la Kule, na Kule walikwisha kuandaa minara ya chuma ya kusimamisha juu yake.

Wakili Makungu akamvuta Bi Mize kando, karibu na nguzo. "Wewe ulikuwapo Fungu, kwa hiyo utaitwa kuwa shahidi, na utaulizwa swali moja tu. Siku ile meli ilipouliza, mlisema nini?"

"Hatukusema."

"Jaribu tena."

"Hatukusema, mwanangu."

"Mama yangu! Nyinyi? Nyinyi ambao mkigombea foleni kisimani mnasikika mpaka gatini? Siku moja tu ya manufaa ndiyo mkafungwa midomo?"

"Fungu halisemewi."

"Nani kakwambia?"

"Sikuambiwa. Nitaambiwaje na watu walionyamaza?"

Makungu akajishika kichwa. Bi Mize akamweleza kwa upole, kama anavyoelezwa mtoto wa mjini. Juu ya Fungu watu hawatamki hata salamu, kwa sababu neno linalosemwa wakati kitovu kiko wazi huingia shimoni pamoja nacho, likaota pamoja na mtoto. Ukilaani, umezika laana. Ukigombana na mpita njia, umemzaa mgomvi. Ndiyo maana siku ile, meli ilipopiga kelele, wanawake waliigeuzia mgongo wote kwa pamoja.

"Na kwetu," alisema Bi Mize, "mtu akikugeuzia mgongo, usingojee matusi. Matusi yameshapita."

"Sheria haijui migongo," alisema Makungu. "Sikiliza, Bi Mize. Ukisema mlipiga kelele, Fungu ni letu. Ukisema mlinyamaza, Fungu limekwenda, na kitovu chako utakizika kwenye sufuria."

"Na tukishinda, nitazika?"

"Tushinde kwanza," alisema wakili.

Jina lake likaitwa. Kutoka kwenye nguzo hadi kizimbani palikuwa karibu, lakini hapo ndipo wakati ulipoteleza, kama kuteleza kwa mguu juu ya mwani. Alipoinua mguu wa kwanza, mlango ulifunguka akaingia mtoto akitambaa kwenye kioo, na Bi Mize akamtambua kwa umbo la masikio yake: alikuwa Huyu, aliyemwacha asubuhi akinyonya. Aliposhika mbao za kizimba, Huyu alikuwa na meno, tena mawili ya mbele yamekwisha kung'oka. Alipomaliza kuapa, mbele yake alisimama msichana wa kimo chake.

"Shikamoo, Bibi," alisema msichana. "Kesi imekuwa ndefu."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula. Shuleni wameniandika 'Huyu' pamoja na wengine. Tumejaa dawati zima."

Bi Mize aliogopa kuliko alivyoogopa majaji. Kama kesi ingezidi kidogo, mtoto angezeeka bila kuitwa.

"Shahidi," alisema Jaji Mkuu, "mlisema nini?"

Akajisemea moyoni. Nilinyamaza. Nilimnyamazia nani? Mtoto. Nani aliyesikia? Meli. Basi kimya changu kilitoka kwangu kikienda kwa mtoto, njiani kikapotea, kikaingia sikio la mgeni. Kimya kina miguu? Kina anwani? Nikisema nilipiga kelele, nimeweka kelele juu ya vitovu vyote vilivyolala mle, na mle wamo mama yangu na mama wa mama yangu. Nikisema sikupiga, nimempokonya huyu jina. Uongo utamzika. Kweli itamwacha juu ya mchanga. Mimi ni shahidi wa nani? Mimi ni nani, kama mdomo wangu uliofungwa una maana asiyoijua mwenye mdomo?

"Tulinyamaza," alisema.

Watu wa Kule wakapiga makofi. Makungu akafumba macho.

"Mlikuwa akina nani?" aliuliza Jaji.

"Mimi, na Bi Sikudhani, na wengine."

"Bi Sikudhani ni wa kijiji gani cha Huku?"

"Si wa Huku, Mheshimiwa. Ni yule pale."

Makofi yakakatika. Kwenye viti vya Kule, mwanamke mnene mwenye ushungi wa manjano aliinua mkono kwa haya, kama mwanafunzi aliyeitwa bila kujiandaa. Bi Sikudhani naye alizaliwa akaitwa Huyu, kwa maana pwani zote mbili zilizika vitovu kwenye Fungu lilelile tangu kabla hazijawa nchi mbili. Akasimamishwa palepale alipokuwa.

"Siku meli ilipouliza, nawe ulinyamaza?"

"Nilinyamaza. Nilikuwa nikizika kitovu cha kitindamimba wangu."

"Meli ilikuwa ya nchi yako. Kwa kunyamaza huko, ulikuwa ukimkubalia nani, na nini?"

"Nilikuwa nikikubali mwanangu asiwe na mdomo kama wa baba yake."

Ukumbi mzima ulicheka, hata jaji mmoja. Kisha kicheko kikaisha ghafla, kila mtu akamtazama mwenzake, kwa sababu haikujulikana tena kimya kile kilikuwa cha upande gani. Wakili wa Kule alisema ni cha Huku. Aliulizwa mbona midomo ilikuwa ya pande zote mbili. Makungu alisema ni cha Kule. Aliulizwa swali hilohilo. Majaji walisogeleana, wakanong'ona kwa lugha za nchi zisizo na pwani, na kila waliponong'ona mstari uliokuwa umechorwa chini ya kioo ulisogea, ukarudi, ukapinda.

Mwishowe Jaji Mkuu alisema: "Mahakama imeshindwa kupima kimya cha zamani. Itapima kipya. Meli itarudi mbele ya Fungu sasa hivi, maji yakiwa yamekupwa, na itauliza tena. Ikisikia kimya mpaka maji yalifunike Fungu, kimya hicho ni ndiyo, uzi wa Kule utathibitishwa, na marufuku ya kifuu haitaondoka kamwe. Ikisikia pingamizi kutoka juu ya Fungu lenyewe, madai ya kukubali kwa kunyamaza yataanguka. Tutarudi kwenye mstari wa kati, na desturi ya vitovu itawekwa miongoni mwa mambo ya kuzingatiwa. Kwa leo, kifuu kimeruhusiwa."

Hapakuwa na haja ya chombo. Mahali kioo kilipoishia ndipo maji yalipoanzia, na maji yalikuwa ya magotini. Walitembea watatu: Bi Mize, Bi Sikudhani, na Huyu, ambaye sasa alikuwa mwanamke mzima, mwenye mvi mbili tatu pembezoni mwa uso. Mbele yao Fungu lilijitokeza, jeupe, kama mgongo wa kitu kinachopumua. Walizungumza haraka, maana wakishakanyaga mchanga mazungumzo yangekwisha.

"Shoga yangu, nimechanganyikiwa," alisema Bi Mize. "Nikinyamaza, Fungu limekwenda. Nikisema, neno litamwingia."

"Wewe unadhani mimi jina langu nililipata wapi?" alisema Bi Sikudhani. "Bibi yangu aliniandalia jina zuri la binti wa sharifu. Anainama kuniweka shimoni, kaa akambana kidole cha mguu. Akaropoka, 'Sikudhani!' Limeingia. Hilohilo nikaitwa."

"Siku zote unanificha hili?"

"Ulitaka niliseme wapi, na tunakutana Fungu tu?"

Bi Mize alicheka mpaka akashika kiuno. "Na umeishi vipi nalo?"

"Kila jambo hunishtua. Mume alinishtua, watoto walinishtua, leo hii nimeshtuka kuitwa na majaji. Lakini nimeishi, Mize. Na nimetazama mambo kwa macho mawili."

Bi Mize akamgeukia mjukuu wake. "Neno nitakalolisema ni zito. Litakukaa shingoni. Watu watakaa nawe, watapitisha jambo, watakutazama wewe uitikie, nawe hutaweza kuitikia kwa ajili ya amani tu. Watakuita mgumu. Huenda hata ndoa ikakupita."

"Bibi," alisema Huyu, "mvi hizi zimeota sina jina. Nipe hata zito."

Wakakanyaga mchanga.

Bi Mize alichimba kwa kifuu. Shimo lilijaa maji kidogo, kama yanavyojaa macho. Alifungua fundo, akakilaza kitovu chini, wazi, chini ya jua. Meli ya Kule ilikuwa imesimama karibu, nyeupe, yenye milingoti mingi ya chuma. Kipaza sauti kikakohoa.

"Mwenye pingamizi na aseme."

Mwili wake ulianza kugeuka wenyewe. Hilo ndilo lililomshangaza kuliko yote: mgongo wake ulijua njia, vizazi na vizazi vya migongo vilikuwa vikimvuta kwa heshima, vikimwambia umekwisha kusema, geuka, umekwisha kusema. Alikita visigino. Alijirudisha kwa nguvu kama mtu anayefungua mlango uliovimba kwa mvua, mpaka uso wake ukaielekea meli. Hakujua sauti ya binadamu inafananaje mahali pale, hakuwahi kuisikia.

"Sijakubali!" alisema.

Ilitoka ndogo, ya kukwaruza. Akavuta pumzi. "Sijakubali!"

"Wala mimi," alipaza Bi Sikudhani, akiielekea meli ya nchi yake mwenyewe. "Sijakubali!"

Mbingu haikuanguka. Bi Mize akapiga magoti, akakifukia kitovu kwa viganja vyote viwili, akaupigapiga mchanga. Kisha akamtazama yule mwanamke mwenye mvi, aliyezaliwa juzi, akamwita kwa jina lake jipya, mara moja tu, na yeye akaitika kwa sauti iliyompasuka katikati. Akaketi mchangani akalia kama alivyolia siku ya kwanza.

Lakini kipaza sauti kilikohoa tena. "Injini yetu ina kelele," kilisema. "Hatukusikia vizuri. Tumeandika: pana upepo."

Maji yalikuwa yameanza kurudi, yakilamba ukingo wa Fungu pande zote mbili kwa wakati mmoja. Ukumbi ulikuwa mbali, na majaji hawakuwa na mazoea ya kusikia sauti zinazopita juu ya bahari. Ndipo mwanamke mmoja aliyekuwa akichokoa pweza kwenye mwamba wa jirani aliinua kichwa. Yeye alisikia. Akaweka mikono mdomoni, akalirudia neno lile kwa mwenzake aliyekuwa mbele zaidi, kwa kuelekea pwani, na yule kwa wa tatu, mmoja wa Huku, mmoja wa Kule, bila kuulizana. Na Bi Mize, maji yakimfikia vifundoni, alisikiliza likienda, likififia, asijue kama lingewafikia majaji.

Msomaji, hata hapa ulipoketi pana mtu mbele yako ambaye bado hajasikia. Maji yanajaa. Mgeukie, umwambie, naye umwombe amwambie wa mbele yake.